Bei ya Nukta na Mstari

Msomaji, ukisimama asubuhi karibu na stesheni ya Makadara, utasikia honi ya treni kabla ya kuiona. Iweke akilini sentensi hiyo, kwa maana nitairudia baadaye, na kila herufi yake itahesabiwa. Reli inayopita hapo ni urithi wa njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwezi wa Mei mwaka 1899, na ikakoma Kisumu, ambako wakati ule kuliitwa Port Florence, mwezi wa Desemba mwaka 1901. Mengi yameandikwa juu ya reli ile: simba wa Tsavo, vibarua waliovushwa bahari kutoka Bara Hindi, na gharama iliyowatia wakubwa wa Uingereza katika mabishano makali. Machache yameandikwa juu ya waya mwembamba uliokwenda sambamba nayo juu ya nguzo. Insha hii ni habari ya waya huo, na ya swali moja la hesabu lililosafiri ndani yake, ambalo wataalamu wa dunia hawajalimaliza hata leo.

Njia ya reli ilikuwa moja tu. Treni mbili zikielekeana juu ya njia moja, hakuna ya kuipisha mwenziwe isipokuwa stesheni. Kwa hiyo treni haikupaswa kutoka mpaka stesheni ya mbele ijibu kwamba njia ni wazi, na jibu hilo lilikwenda kwa waya. Karani wa simu, aliyekaa katika chumba kidogo akigonga kitufe kwa kidole, alikuwa ameshika roho za watu asiowajua. Makarani wengi wa miaka ya mwanzo walitoka India. Wafanyakazi wa Kiafrika wa reli walijengewa nyumba za safu huko Muthurwa, na baadaye Makongeni. Nyumba za namna hiyo ziliitwa landi, na neno hilo lingali hai katika jina la Landi Mawe.

Neno simu nalo lina historia yake. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya. Pwani yetu iliufahamu waya huo kabla ya bara: mwaka 1879 waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja, na mwaka 1890 mwingine ukaiunganisha Unguja na Mombasa. Basi wazee wetu walipiga simu kabla hawajasikia sauti ya mtu ndani yake, na kwa kweli walipiga, maana kazi yenyewe ilikuwa ni kugonga. Ulipozuka uwezo wa kupeleka habari pasipo waya, watu waliuita simu ya upepo, jina ambalo mimi huliona zuri kuliko lile la Kizungu lililolifuata. Wanandi, kwa upande wao, waliukata waya wa reli wakaufanya mapambo ya mwili. Kwao ule ulikuwa chuma kizuri kilichoanikwa bila mlinzi, na habari zilizokuwa zikipita ndani yake hazikuwa zao.

Sasa tuutazame ugongaji wenyewe. Lugha ya waya ilikuwa na sauti mbili: pigo fupi, tuliite nukta, na pigo refu, tuliite mstari. Katika kanuni ya kimataifa mstari huchukua muda wa nukta tatu. Baina ya mapigo ya herufi moja pana kimya cha nukta moja. Baina ya herufi na herufi, kimya cha nukta tatu. Baina ya neno na neno, kimya cha nukta saba. Hapo unaona kwamba mapigo hayana bei moja. Anayegonga mstari ametumia muda mara tatu ya yule aliyegonga nukta, na muda ndio mali ya waya, kwa sababu ujumbe wa mtu mmoja ukiwa njiani, wa mwingine hungoja.

Samuel Morse na msaidizi wake Alfred Vail walilijua jambo hilo. Waya wao wa kwanza wa hadhara uliunganisha Washington na Baltimore mwaka 1844. Inasimuliwa kwamba walipotaka kugawa alama, walitazama visanduku vya mpiga chapa, ambamo herufi za risasi huwekwa nyingi kwa kadiri zinavyohitajiwa. Kisanduku kilichojaa kuliko vyote kilikuwa cha E, basi E ikapewa nukta moja tu. T ikapewa mstari mmoja. Herufi chache kama Q na J zikapewa alama ndefu. Mwaka 1865 mkutano wa mataifa uliofanyika Paris ulikubali kanuni iliyorekebishwa huko Ujerumani, na hiyo ndiyo tunayoiita ya kimataifa. Marekebisho hayo hayakuwa na huruma kwa kila herufi: O, ambayo katika kanuni ya Kimarekani ilikuwa nukta mbili zenye mwanya, ikawa mistari mitatu. Hata Kiingereza kilitozwa zaidi kwa kubadili kanuni.

Kama Kiingereza kilitozwa, Kiswahili je? Hapa nakuomba uichukue tena sentensi niliyoianza nayo. Kuanzia neno Msomaji hadi neno kuiona, ina maneno 15 na herufi 81. Katika herufi hizo A ni 18. I ni 11. E, aliyepewa nukta moja kwa kuwa ni mfalme wa visanduku vya mpiga chapa wa Marekani, ni 3 tu, na T vilevile ni 3. Alama ya A ni nukta na mstari. Ukijumlisha na kimya cha katikati, bei yake ni 5. Bei ya E ni 1. Ukijumlisha bei za herufi zote 81, pasipo kuhesabu vimya vya baina ya herufi na maneno, utapata 491. Sasa fanya badiliko moja dogo: mpe A nukta ya E, naye E umpe alama ya A. Utaokoa 72 kwa A, utapoteza 12 kwa E, na jumla itashuka hadi 431. Badiliko la herufi mbili limepunguza karibu thumuni ya kazi ya kidole.

Usiniamini kwa sentensi moja, maana huenda niliichagua kwa hila. Chukua ukurasa wowote wa kitabu chako cha Kiswahili, chora safu za herufi katika daftari, na utie alama moja kwa kila herufi uionayo. Nimewapa wanafunzi kazi hiyo mara nyingi, na sijaona bado ukurasa ambao A haikuzishinda nyingine zote. Sababu yake inajulikana: silabi zetu huishia kwa irabu, na A imejaa katika vitenzi, katika viunganishi na katika maneno kama na, ya, wa, za na kwa. Wala hakuna aliyekaa Paris mwaka 1865 akakusudia kukidhulumu Kiswahili. Hakikuwako katika hesabu yao, basi.

Lakini haki inanilazimu kueleza upande wa pili, maana mtu aliyesimama mbele ya dirisha la posta hakulipa kwa nukta. Alilipa kwa neno. Fikiri juu ya mtu wa Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940, aliyetaka kupeleka habari kwao Nyanza au Ukambani. Karani alihesabu maneno kwa ncha ya kalamu, na kila neno lilikuwa na bei yake. Hapo Kiswahili kilikuwa na silaha ya siri. Neno nitakuja ni moja. Mwingereza atahitaji matatu kusema hivyo. Hatutawaona ni neno moja lenye herufi 11, nalo limebeba wasemaji, wakati, ukanushi na watendwa, kama mchukuzi wa sokoni aliyepanga magunia manne kichwani. Kanuni za kimataifa ziliweka kikomo, na kwa muda mrefu kikomo hicho kilikuwa herufi 15 kwa neno la lugha ya kawaida. Ukizidisha, ulihesabiwa maneno mawili. Vitenzi vyetu vingi hupita chini ya mlango huo bila kuinama. Kwa hiyo lugha moja ilipata hasara kwa karani anayegonga na faida kwa mteja anayelipa. Kipi kilikuwa kikubwa kuliko kingine hutegemea umesimama upande gani wa dirisha.

Kuna jambo jingine katika alama hizo ambalo nimelipita kwa haraka, nalo ndilo kiini. Karani akisikia nukta kisha mstari, amesikia A, au amesikia E ikifuatwa na T? Nukta tatu ni S. Lakini zaweza kuwa E na I, au I na E, au E tatu. Alama ya E ni mwanzo wa alama ya A, na alama ya A ni mwanzo wa alama ya R, ya W na ya nyinginezo. Kinachomwokoa msikilizaji ni kimya. Kimya ndicho kinachosema kwamba herufi imekwisha, na kimya hicho chenyewe kina bei ya nukta tatu kila kinapotumika. Je, yawezekana kupanga alama ambazo hazihitaji kimya, yaani alama ambazo hakuna hata moja iliyo mwanzo wa nyingine?

Yawezekana, na wazazi wako walizitumia bila kuzipa jina. Mpaka mwanzoni mwa karne hii ya 21, mtu aliyepiga simu kutoka mji mmoja wa Kenya hadi mwingine alianza kwa namba ya mji. Nairobi ilikuwa 02. Mombasa ilikuwa 011, Kisumu 035, Nakuru 037, Lamu 0121, Malindi 0123. Zitazame vizuri. Kwa kuwa Nairobi ni 02, hakuna mji mwingine ambao namba yake ilianza kwa 02. Kwa kuwa Mombasa ni 011, hakuna uliokuwa 0115 wala 0118. Mashine ilipopokea 0 kisha 2, ilijua papo hapo kwamba namba ya mji imekwisha, wala haikungoja kimya chochote. Fananisha jambo hili na barabara zinazogawanyika: nyumba zote ziko mwisho wa njia, na hakuna nyumba iliyojengwa katikati ya barabara ikawazuia wapitao.

Tena namba hizo zilikuwa na bei tofauti, sawasawa na nukta na mstari. Simu za zamani zilikuwa na kisahani chenye matundu kumi. Ukitia kidole katika 1 ukazungusha, simu ilitoa pigo moja. Ukizungusha 9, mapigo 9. Ukizungusha 0, mapigo 10. Basi Nairobi, 02, iligharimu mapigo 12. Mombasa, 011, ingawa ina tarakimu moja zaidi, iligharimu mapigo 12 vilevile! Lamu iligharimu 14, na Nakuru, ambayo namba yake ni fupi kuliko ya Lamu, iligharimu 20. Yaani fupi si lazima iwe rahisi. Wamarekani walipopanga namba za maeneo yao mwaka 1947 walilizingatia hilo: New York ikapata 212, mapigo 5 tu, na Chicago 312, mapigo 6. Alaska ilipopata yake baadaye ikapewa 907, mapigo 26. Mara nyingine bei kubwa ina faida yake. Namba ya kuita msaada, 999, iliyoanza London mwaka 1937 nasi tukairithi, inahitaji mapigo 27. Lakini nyaya zinazogusana kwa upepo huweza kutoa pigo moja moja, wala haziwezi kutoa 9 mara tatu kwa bahati.

Sasa swali liko wazi, nami nitaliuliza kwa ukamilifu. Tunazo habari kadhaa za kupeleka, na tunajua kila moja hutumwa mara ngapi. Tunazo ishara chache, na kila ishara ina bei yake. Tuzipange vipi alama, ili hakuna iliyo mwanzo wa nyingine, na jumla ya gharama iwe ndogo kuliko mpango mwingine wowote?

Claude Shannon, Mmarekani, alipoandika mwaka 1948 juu ya hesabu ya mawasiliano, alianza na mfano wa telegrafu, pamoja na nukta zake, mistari yake na vimya vyake, na akaonyesha kiwango ambacho hakuna mpango unaoweza kukishinda. Hakuonyesha mpango wenyewe ulio bora. Miaka mitatu baadaye mwalimu mmoja wa chuo cha MIT, Robert Fano, aliwapa wanafunzi wake hiari: wafanye mtihani, au waandike insha juu ya kutafuta mpango huo. David Huffman alichagua insha. Wakubwa wake walikuwa wameanza juu, wakigawa habari mafungu mawili, kisha kila fungu mawili tena. Yeye alianza chini. Zichukue habari mbili zilizo adimu kuliko zote, uziunganishe ziwe kama moja. Kisha tafuta tena mbili zilizo adimu, uunganishe. Endelea hivyo hadi ibaki moja. Mito ya mji wetu hufanya vivyo hivyo: Mathare na Ngong hukutana na mto Nairobi upande wa mashariki, na maji yote yakawa ya mkondo mmoja. Njia ya Huffman ilichapishwa mwaka 1952. Ni fupi hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuifuata kwa kalamu, na jawabu lake ni bora kwa uthibitisho, si kwa kukisia.

Ila ina sharti moja: ishara zote ziwe na bei moja. Ukiwa na nukta ya shilingi 1 na mstari wa shilingi 3, inaanguka. Nitakuonyesha. Tuseme stesheni ina habari nne, zinazotumwa kwa wingi ulio sawa: njia wazi, treni imetoka, ngoja, na hatari. Mwenye kupenda usawa atazipa kila moja ishara mbili: nukta nukta, shilingi 2, nukta mstari, 4, mstari nukta, 4, mstari mstari, 6. Jumla ni shilingi 16. Huffman naye angekupa mpango huo huo. Sasa jaribu mpango unaoonekana umepinda: ya kwanza iwe mstari peke yake, shilingi 3, ya pili nukta mstari, 4, ya tatu nukta nukta mstari, 5, ya nne nukta nukta nukta, 3. Hakuna iliyo mwanzo wa nyingine. Jumla ni 15. Mpango uliopinda umeushinda ulionyooka, ingawa habari zote nne zinatumwa sawasawa. Tena angalia: ile yenye ishara tatu, nukta nukta nukta, bei yake ni sawa na ile yenye ishara moja. Pale aliposhika Huffman, kwamba zilizo adimu zikae pamoja mwisho kabisa wa njia ndefu, hapashikiki tena, kwa maana njia ndefu si lazima iwe ghali, na majirani wawili wa mwisho wa njia hawalipi kodi moja.

Richard Karp, ambaye baadaye alipata jina kubwa katika elimu ya kompyuta, alilikabili swali hili mwaka 1961. Alipata njia ya kulijibu, lakini njia yenyewe ni ya kuchuja mipango mingi kwa nguvu ya mashine, na habari zikiongezeka kazi yaweza kukua kupita kiasi. Mwaka 1998 Mordecai Golin na Günter Rote walitoa njia ya hatua kwa hatua inayofaa pale bei za ishara zilipo namba nzima ndogo, kama hizi zetu za 1 na 3. Bei zikiwa kubwa, hesabu huvimba upesi. Mwaka 2012 Golin, pamoja na Claire Mathieu na Neal Young, walichapisha njia ya haraka inayokaribia jawabu bora kwa kadiri utakayoitaja wewe mwenyewe: ukitaka pungufu lisizidi sehemu moja ya mia, utapata, ukitaka sehemu moja ya elfu, utapata pia, mradi ukubali kungoja zaidi. Kukaribia si kufika. Kwa bei za namna zote, hakuna aliyetoa njia ya upesi inayofika kabisa, wala hakuna aliyethibitisha kwamba njia hiyo haiwezi kuwako.

Kisahani cha kuzungusha kimeondoka mezani. Simu za vitufe zilipokuja, kila tarakimu ikawa mlio mmoja wenye muda uleule, na 9 haikuwa ghali tena kuliko 1. Nairobi ikawa 020, Mombasa 041, Kisumu 057. Telegramu nayo ilififia, na shirika lililokuwa na posta na simu pamoja tangu mwaka 1977 liligawanywa mwaka 1999. Ila dereva wa treni ya Makadara angali na pigo fupi na pigo refu tu mkononi mwake, na refu lingali likimgharimu pumzi nyingi zaidi.